Niwekee Mwanya Wangu

Nimepokea meseji zenu zote. Mmoja wa Machakos ameniita bwege. Mwingine, ambaye nina hakika hajashika mswaki tangu Krismasi, anauliza vipi daktari mzima atapeliwe kibao cha kliniki na mchoraji mlevi. Basi nilitapeliwa. Ukimaliza kucheka urudi hapa, maana yale ya kibao yalikuwa mchezo wa watoto.

Kwa wewe unayefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, jina langu ni Timothy Mutie, daktari wa meno, Gatina, Kawangware, ghorofa ya pili, juu ya duka la mahindi. Mimi ni Mkamba, na nataka kumwoa Marion wa Kibera, Mjaluo, mwalimu wa chekechea. Marion ananipenda. Tatizo ni mamake.

Katika nyumba yao, mahari si mahari mpaka mama wa msichana atoke mbele ya wageni na kusema kwa mdomo wake mwenyewe neno moja: "Ayie." Maana yake, nimekubali. Neno dogo hivyo. Hata watoto wa chekechea wa Marion wanaliweza. Lakini mamake amelikwepa mara mbili. Mara ya kwanza watu wangu walitoka Kitui na mbuzi, wakaambiwa mama ana homa. Mara ya pili mama alikuwa amekwenda mazishini, na mazishi ya nani hakuna aliyejua.

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimeshika simu, Marion analia upande wa pili. Mzee Ouma, ndugu ya marehemu babake, ambaye ndiye anayesimamia mambo, alikuwa ametoa neno la mwisho. Jumamosi hii mama aseme Ayie, au Wakamba wachukue mbuzi wao na wasionekane Kibera tena.

"Timo, mathe hataki kuniambia shida ni nini," Marion alisema. "Ananiambia tu ningoje. Ningoje nini sasa?"

Mimi nilijua shida ni nini. Mama yule alikuwa ananidharau.

Ushahidi nilikuwa nao. Nilikuwa nimefika kwao mara moja tu, ile siku ya kujitambulisha. Nilivaa suti, nikavaa viatu vyangu vya ncha, nikabeba zawadi nzuri. Mama akatokea kwenye pazia la jikoni, leso kichwani, na papo hapo akaweka mkono mdomoni. Hakuutoa. Alisema "karibuni" nyuma ya kiganja, akarudi jikoni, na ikawa ndiyo hiyo. Mtu anajiziba mbele ya mgeni kana kwamba mgeni amelala zizini! Nikasema moyoni, sawa mama, nimekuelewa.

Mtaniuliza uso wake ulikuwaje. Sijui. Sikuuangalia.

Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni, yaani ile haya na heshima iliyopo kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Humwangalii usoni. Humpi mkono. Huli mbele yake. Jina lake hulitaji, na kwa kuwa hulitaji huna haja ya kulijua. Mjomba wangu Muli alikutana na mama mkwe wake kwenye njia nyembamba kule Mwingi akajitupa kwenye mkonge, na makovu yake anayaonyesha mpaka leo kwa majivuno. Mama yangu, Kasiva, alinionya kabla sijakwenda Kibera: "Ukimwinulia macho, usiniite mama tena." Wajaluo nao wana ya kwao yanayokaribiana na hayo. Mzee Ouma mwenyewe alisema siku ile, mbele ya watu wote, kwamba mkwe akimkosea mama heshima, mbuzi wanarudi siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo nilikaa kwenye kochi nikasoma maua ya zulia mpaka wakati wa kuaga.

Sasa njoo Jumatano.

Siku yangu ilianza na mjinga. Kijana wa mjengo kutoka mtaa wa Satellite alikuwa amejirudishia jino la mbele kwa gundi ya viatu.

"Ilikuwa inashika poa, dokta," akaniambia kwa shida. "Shida ni ilishika na lipsi."

Nikambandua. Sikumcheka kwa sababu nimechoka kucheka. Watu wa mtaa huu simu ikipasuka kioo wanatafuta fundi aliyesomea, lakini mdomo wao wenyewe wanautengeneza kwa vifaa vya mshona viatu. Halafu wakija kwangu wanataka niwashangilie kwa ubunifu.

Baada yake akaingia mama wa skrubu.

Huyu niwaeleze vizuri. Alikuja kwangu mara ya kwanza miezi mingi iliyopita, mama wa makamo, mkimya, skafu imempanda mpaka kidevuni, amepoteza meno mawili ya mbele ya juu. Aliteleza kwenye tope na mtungi wa maji, ndivyo alivyosema. Kwenye kadi akaandikisha Magdaline, wa Riruta. Riruta! Kila mtu wa Kibera akivuka kuja huku anasema anatoka Riruta, kana kwamba mimi ni askari wa geti. Nilijua anadanganya, maana watu wa Riruta hulalamika kuhusu ngazi zangu na yeye hakulalamika.

Alitaka meno ya kupandikizwa. Ya kuvaa na kuvua alikuwa nayo tayari, kipande cha plastiki cha rangi ya waridi, akanionyesha ndani ya mfuko kama mtu anayeonyesha mende aliyemuua. Yalikuwa yamemchomoka kanisani katikati ya wimbo, yakatua kwenye kofia ya mama wa kiti cha mbele.

"Nataka ya kukaa," alisema. Alisema kwa taabu, pumzi ikimtoroka kwenye pengo.

Nikamweleza kazi kama ninavyowaeleza wote, polepole, kwa ile sauti ya kuongea na mtu asiyesikia vizuri. Kwamba nitamchoma sindano ya ganzi. Nitatoboa mfupa wa taya na kuingiza skrubu ndani yake, kisha nitafunga fizi. Halafu tutangoja miezi, mpaka mfupa uizoee ile skrubu na kuishika kana kwamba ilizaliwa pale. Ukiharakisha, itang'oka. Mfupa ukishaishika, ndipo jino lenyewe linafungwa juu yake, na hapo unaweza kutafuna muwa.

"Nitangoja," akasema.

Basi akawa anakuja na kwenda, na hakuongea. Mtu uliyemjaza pamba mdomoni ataongea nini? Uso wake nao sikuushika. Mimi sura za wagonjwa hazikai kichwani mwangu. Naangalia midomo. Kuanzia pua kwenda juu watu wote ni sawa kwangu. Na yeye kwangu aliona macho mawili tu, juu ya barakoa na chini ya kofia.

Jambo moja tu alilisema kwa nguvu, siku tulipochukua umbo la meno. Alitoa picha ya zamani iliyofifia, yeye msichana, anacheka, na katikati ya meno ya mbele pana mwanya wa kupitisha njiti ya kiberiti.

"Niwekee mwanya wangu."

"Mama, unanunua meno au unanunua tundu?"

"Mwanya wangu."

"Siku hizi watu wanakuja hapa niwazibie mwanya."

"Hao ni wao."

Bure kabisa. Nilipiga picha sehemu ya meno tu, nikamtumia fundi wa maabara, na nikaongeza kwamba hilo tundu ni matakwa ya mgonjwa. Sikutaka mtu afikiri nimeshindwa na kazi.

Jumatano hiyo mfupa ulikuwa tayari na meno yalikuwa yamefika.

Nesi wangu, Nzilani, akamlaza kitini akamfunga kitambaa kifuani, huku anatafuna jojo. Nimemkataza Nzilani jojo mpaka nimechoka. Pia simwambii mambo yangu ya nyumbani, kwa sababu Nzilani ni redio, na mambo yangu ya mahari yangekuwa yameshafika Gatina yote kabla sijafika mimi.

Kazi ilikuwa nzuri. Nasema mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine atakayesema. Jino la kwanza likaingia, nikalizungusha kwa vidole, kisha nikalikaza kwa spana yetu ile ndogo mpaka likagoma. La pili nikalizungusha kwa vidole likakaa. Nikainua spana.

"Daktari," mama akasema. "Nipe kioo kwanza."

"Hili bado halijakazwa."

"Nipe tu. Nimengoja sana."

Nzilani akampa kioo bila kuniuliza, maana Nzilani haulizi. Mama akajiangalia. Akafunga mdomo. Akafungua. Akapitisha ulimi. Halafu akacheka.

Wasomaji wangu, mwanya ule ulikuwa wa Marion. Sisemi ulifanana. Mdomo wa juu ulipanda upande wa kushoto kwanza, kisha wa kulia ukafuata kama uliochelewa, na mwisho wa kicheko ulimi ukaja kugusa mwanya kuhakikisha bado upo. Mdomo huo naujua kuliko ninavyoujua wangu. Mdomo huo nimeubusu.

Nikajiambia ni uchovu. Kibera nzima ina mianya. Nikamwambia alale nimalize.

"Sasa Jumamosi nitaongea kama mtu," akasema, bado amekaa na kioo.

"Jumamosi kuna nini?" Nzilani akadakia.

"Wakwe. Binti yangu anaolewa."

"Wah! Na nani?"

"Mkamba mmoja."

Spana ikaniponyoka ikaanguka kwenye trei.

"Ai, sasa si hiyo ni ya nyumbani!" Nzilani akapiga makofi. "Mimi ni Mkamba. Daktari pia ni Mkamba!"

Mama akageuza shingo akaniangalia, yaani akaangalia barakoa yangu. "Kweli wewe ni Mkamba? Basi nielezee, daktari. Kwa nini watu wenu wanajiona hivyo?"

"Tunajionaje, mama?"

"Huyo kijana alikuja kwangu. Mrefu hivi, amevaa viatu ya ncha. Hakuniangalia hata mara moja. Mimi ndio mwenye nyumba, nimesimama hapo, yeye anaangalia zulia yangu tu kama anatafuta kunguni. Nikajua huyu ameona ni Kibera, amedharau. Na unajua aliniletea nini? Kikaango ya kukaanga bila mafuta! Mimi nauza samaki, daktari. Samaki ya kukaanga, hapo kwa reli, miaka yote hiyo. Huyo msomi ananiletea kikaango haitaki mafuta!"

Nzilani alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi nilirudisha miguu chini ya kiti changu, taratibu, kiatu kimoja baada ya kingine. Kikaango hicho nilikichagua mwenyewe, dukani, kwa muda mrefu. Nilikifunga karatasi ya dhahabu. Nilidhani anauza mboga, na sikuwahi kumuuliza Marion, maana sikuona sababu ya kujua.

"Huyo ni daktari wa nini?" Nzilani akauliza, akifuta machozi.

"Sijui. Binti yangu aliniambia tu daktari. Wa sindano, nafikiri."

Hapo nikaelewa kitu kingine. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kutaja meno mbele ya mama. Marion angesemaje, mchumba wangu ni daktari wa meno, mbele ya mtu anayekula akiwa amewapa watu mgongo?

"Sasa si ungemkataa tu?" Nzilani akasema. "Mtu anajiona hivyo!"

"Nimkatae kwa nini? Binti anampenda. Mimi sijamkataa." Mama akashusha kioo mapajani. "Watu wake wamekuja mara mbili, mara mbili nimejificha. Ningetokaje? Kwetu mama lazima aseme Ayie, watu wasikie. Na mimi nikisema na hiyo pengo, ilikuwa inatoka upepo tu. Wale wakwe wenye maringo wangecheka. Halafu binti yangu aende kwao aitwe mtoto wa kibogoyo? Hapana. Nikasema nitaziba huu mdomo mpaka nipate meno. Nimeziba, daktari, mpaka mkono umechoka."

Niliona aibu. Naliandika hivyo hivyo bila kulipamba, niliona aibu.

Mkono ule haukuwa umeziba harufu yangu. Mimi, niliyesomea midomo, ninayekula kwa midomo, nilikaa chumba kimoja na mtu aliyeshika mdomo wake, na sikujiuliza hata mara moja ana nini mdomoni. Nilijiuliza tu ana nini dhidi yangu. Na yeye akaona mtu anaangalia chini, akadhani ni maringo. Heshima yangu yote na yake ziligongana pale sebuleni zikawa matusi.

"Daktari," Nzilani akasema, "si umalizie?"

"Spana hii imeanguka. Natafuta nyingine."

Nikatoka nikaenda kwenye kibaraza cha ngazi, nikampigia Sifuna. Sifuna ni daktari mwenzangu, ana kliniki yake Satellite, tulisoma naye, na alama zake zilikuwa chini ya zangu.

"Niaje, Mutie."

"Njoo Gatina sasa hivi. Kuna jino moja nataka unikazie."

"Umeumia mkono?"

"Mgonjwa ni mama mkwe wangu."

Akaanza kucheka, na alikuwa na mgonjwa kitini, nilimsikia mgonjwa akiguna.

"Na hilo jino lingine alikaza nani?"

"Mimi."

"Na skrubu?"

"Mimi."

"Kwa hivyo vidole zako zimeishi kwa mdomo wa mama mkwe hiyo miezi yote, na ni leo ndio unaona haya?"

"Sikujua ni yeye, Sifuna!"

"Na yeye anajua?"

"Hajui."

"Basi kaza, mwambie safari njema, funga domo lako. Hata sisi Waluhya hatuchezi na mama mkwe, lakini jino haijui hizo mambo. Kaza, buda." Akakata simu.

Nikabaki pale nimeegemea ukuta. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nilikuwa nimewatukana wote, mkunga na mzazi na mtoto, na sasa nilikuwa nawahitaji.

Fikirini na ninyi mnaoniita bwege. Kutojua ni kitu kimoja. Kujua, kisha ukaingiza vidole kwenye mdomo wa mama mkwe wako, ni kingine kabisa. Mjomba Muli alijitupa kwenye mkonge kwa kukutana tu njiani! Mzee Ouma akisikia, mbuzi wanarudi Kitui na Marion anabaki Kibera. Lakini nikiliacha jino bila kulikaza, Jumamosi mama atasimama mbele ya watu, atavuta pumzi, atasema Ayie, na jino litaruka mbele ya ukoo wangu wote. Hapo pia Marion anabaki Kibera, na mamake hatatoka nyumbani tena maisha yake yote.

Nikaamua kumfuata Sifuna. Nitakaza, nitanyamaza, na Jumamosi nitaangalia zulia kama kawaida. Mama hatajua kamwe. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilifurahi kwamba nina barakoa.

Nikarudi ndani. Mama alikuwa anajifuta macho kwa pembe ya kitambaa.

"Daktari, nimefikiria kitu," akasema. "Jumamosi na wewe uje kwangu."

"Mimi?"

"Uje. Ukae karibu na mimi kabisa. Nataka huyo kijana aone Mkamba mwenzake, amesoma kuliko yeye, na ananiangalia kwa uso bila maringo. Labda atajifunza."

"Jumamosi nina kazi, mama."

"Hakuna kazi. Nitakuwekea samaki kubwa."

"Tutakuja!" Nzilani akasema.

Nilimwangalia Nzilani kwa macho ya kumfuta kazi. Hakuona, kama kawaida yake.

"Na utoe hiyo kitu kwa uso," mama akaendelea, sasa kwa sauti ya upole sana. "Mtu ameniwekea mwanya wangu na sijui hata sura yake. Nikuone, nikubariki vizuri, nyathina."

Nyathina ni mwanangu. Marion amenifundisha hilo. Mama mkwe wangu aliniita mwanangu, na hakujua ananiita mimi.

"Ni sheria ya kazi, mama," nikasema. "Lala nimalize. Fungua mdomo."

Akalala. Akafungua. Nikainama, spana mkononi. Nikamwomba Mungu, nikamwomba msamaha mama yangu Kasiva, nikamwomba msamaha Mjomba Muli na mkonge wake. Spana ilikuwa imeshafika kwenye mdomo wa chini.

Simu ikalia kwenye mkoba wa mama.

Akausukuma mkono wangu pembeni, akakaa. "Ngoja, daktari. Ni binti yangu. Nilimwambia anikute hapa Gatina nimwonyeshe. Hajui chochote, nilitaka kumshangaza." Akaweka simu sikioni. "Uko wapi? Eeh, hapo hapo. Angalia juu. Si unaona duka ya mahindi? Juu yake."

Akashuka kitini na kitambaa chake kifuani, akaenda dirishani, akalifungua.

"Marion!" akaita. "Marion! Huku juu!"

Nzilani aliacha kutafuna. Anamjua Marion, amemkaribisha chai hapo hapo kliniki mara nyingi. Akamwangalia mama, akaniangalia mimi, akaangalia viatu vyangu.

Ningeweza kukimbia. Mlango ulikuwa wazi na ngazi ni moja, lakini ngazi hiyo moja ndiyo atakayopanda Marion. Nikabaki nimesimama kama kigingi.

"Mama!" Sauti ya Marion ikapanda kutoka barabarani, ikapita juu ya honi za boda boda. "Mama, unafanya nini kwa Timo?"

"Kwa nani?"

"Kwa Timo! Si hiyo ni kliniki ya Timo!"

Mama aliondoa mikono kwenye fremu ya dirisha, akageuka. Hakuanzia usoni. Alianzia chini, kwenye viatu vya ncha, akapanda polepole, koti, barakoa, mpaka akafika machoni. Tukatazamana, mimi na mama mkwe wangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu.

Kisha mkono wake ukainuka wenyewe, ukaziba mdomo.

Na mimi, kama nilivyofundishwa, nikaangalia chini. Sakafu ya kliniki yangu haina maua. Nikasikia viatu vya Marion vikianza kupanda ngazi, mbiombio, anacheka peke yake. Jino la pili bado lilikuwa halijakazwa, na spana ilikuwa mkononi mwangu.